Nani alichora barabara juu ya vyumba vyangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Dodoma, upande wa Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mwaka 2014 nilinunua robo ekari kwa mzee mmoja mwenyeji, tukaandikishana kwa mwenyekiti, akagonga mhuri. Nimejenga vyumba vinane vya kupangisha wanafunzi, kidogo kidogo, kwa mikopo ya vikoba. Mwaka jana walikuja vijana na GPS, wakachomeka vigingi. Sasa tunaambiwa kuna barabara ya mita 15 inayokata vyumba vinne, na nyuma yake pameandikwa "huduma za jamii". Mwenyekiti anasema tusiwe na wasiwasi. Diwani anasema suala liko kwa Mkurugenzi. Ofisi ya ardhi wanasema ni Mpango Kabambe. Nani hasa anaamua? Mchoro ukishachorwa unabadilika au ndiyo basi? Na je, niendelee na chumba cha tisa? Matofali ninayo tayari.

JIBU: Marahaba dada yangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mchoro unabadilika. Nimeuona ukibadilika mara nyingi, na mara kadhaa nimeubadilisha kwa mkono wangu. Ila hubadilika ukiwa bado rasimu, na kinachoubadilisha ni karatasi. Wewe umezunguka kwa watu watatu na wote wamekujibu kwa mdomo. Hakuna aliyekufunulia mchoro wenyewe mezani akakuonyesha vyumba vyako viko wapi, wala aliyekuambia mchoro huo umefika ngazi ipi. Hilo la ngazi ndilo la kulijua kwanza, kabla hata ya kumtafuta mwenye lawama.

Lakini kabla ya hapo, turudi 2014, maana wengi wa majirani zako wamesahau ardhi ile ilikuwa ya nani wakati mnainunua.

Dodoma haikukua kama Mbeya au Mwanza. Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie huko, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango wa kwanza wa mji ulikamilika 1976, ukachorwa na kampuni ya Kikanada ya Toronto, Project Planning Associates. Ulikuwa mpango mzuri kwa macho: mji wa watembea kwa miguu na wapanda mabasi, nyumba za chini, miti mingi, nyumba kumi kumi zikiwa tofali la kujengea mtaa. Utekelezaji ulienda kwa mwendo wa kinyonga kwa sababu fedha haikuwepo. Kilichofanya kazi kweli kweli ni umiliki. CDA ilishika ardhi ya makao makuu na kuikodisha kwa watu kwa mikataba ya miaka 33, wakati Mtanzania wa mji mwingine aliweza kupata hati ya hadi miaka 99. Na CDA haikuchaguliwa na mtu. Diwani wa Manispaa aliweza kupiga meza hadi mkono uvimbe. Mwenye ardhi hakuwamo katika baraza lake.

Kwa hiyo mzee aliyekuuzia hakukudanganya. Shamba lile alilirithi, alilimia uwele na mtama, na kwa mila zake lilikuwa lake. Ila kwenye vitabu vya CDA, mtu aliyenunua kwa mwenyeji bila kupitia kwao alihesabika mvamizi, hata akiwa na mhuri wa mwenyekiti. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikahamia Manispaa, na mikataba ya miaka 33 ikaamriwa ibadilishwe kuwa hati za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kuvunjwa kwa mwenye nyumba hakumfanyi mpangaji kuwa mwenye nyumba. Ardhi ambayo haikupangwa wala kupimwa ilibaki vile vile, ikabadilisha meza tu.

Hapo ndipo mhuri wa mwenyekiti unapaswa kueleweka. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Mji ukimeza kijiji na kijiji kikawa mtaa, nguvu hiyo inaondoka. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa mauziano yenu, basi. Karatasi yako usiitupe hata hivyo, na usiitie lamineti. Inaonyesha ulikuwepo tangu 2014, kabla ya vigingi, na tarehe hiyo inaweza kukuokoa mbele ya mthamini au mbele ya jaji.

Sasa, nani anaamua.

Mchoro wa mipango miji huanza kwa mtaalamu: ama afisa mipango miji wa Jiji, ama kampuni binafsi ya kupanga na kupima iliyopewa kazi hiyo. Wanatakiwa kuja kwenye mkutano wa mtaa waeleze wanachokusudia. Kisha rasimu inakwenda kwenye kamati ya madiwani inayoshughulika na mipango miji na mazingira, inakwenda Baraza la Madiwani, halafu inapelekwa upande wa Wizara ya Ardhi kuidhinishwa na kupewa namba. Ikishapata namba, wapima wanakuja kuzika bikoni za zege, na baada ya hapo hati. Vigingi vya miti ulivyochomekewa wewe, ukilinganisha na bikoni, vinanipa matumaini kidogo. Mara nyingi kigingi cha mti ni alama ya mtu ambaye bado anapima hali ilivyo. Usiking'oe lakini. Kung'oa alama za upimaji ni kosa, na ni zawadi kwa mtu atakayetaka kukuita mkorofi.

Diwani wako aliposema suala liko kwa Mkurugenzi alisema nusu ya ukweli. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais, ndiye katibu wa Baraza, na wataalamu wote wako chini yake. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake miongoni mwao. Anaongoza vikao, anavaa joho, lakini hana uwezo wa kumhamisha afisa mipango miji hata mmoja. Kwa miaka kadhaa Dodoma ilikuwa na Meya profesa, Davis Mwamfupe, msomi wa chuo hicho hicho unachopakana nacho, na hata yeye ilibidi afanye kazi ndani ya mpaka huo. Hiyo ndiyo nusu aliyokuambia diwani. Nusu aliyoiacha ni kwamba mchoro hauvuki kwenda Wizarani bila kupita mikononi mwa madiwani, na kikao kile kina muhtasari. Kama umepita, kuna siku waheshimiwa walikaa, wakanywa chai, wakasema "tumepokea". Muulize tarehe ya kikao hicho. Akikosa jibu, basi ama bado haujapita, ambayo ni habari njema kwako, ama ulipita akiwa anaangalia simu.

Na barabara yenyewe? Jiji linaichora, lakini tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara hizo, ambayo iko TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Maji ni DUWASA. Umeme ni TANESCO. Kwa hiyo inawezekana kabisa vyumba vyako vinne vikaondoka kwenye mchoro mwaka huu, na greda likaja baada ya miaka kumi. Nimeona mitaa ambako barabara ya kwenye ramani ni bustani ya mchicha, na mwenye mchicha amesahau kabisa kwamba analima katikati ya barabara.

Ofisi ya ardhi nao wamekupa jibu la kufungia mlango. Mpango Kabambe wa Dodoma, huu wa 2019 hadi 2039, ni ramani kubwa ya mji mzima. Unasema huku makazi, kule viwanda, pale korongo liachwe lipumue. Barabara ya mita 15 inayokatiza robo ekari yako haionekani kwenye karatasi hiyo hata ukiweka kioo cha kukuzia. Barabara za daraja hilo huchorwa kwenye mchoro wa kina wa mtaa wenu. Mtu akikutajia Mpango Kabambe kwa jambo la ukubwa huo, mwambie kwa upole, "Sawa baba, naomba namba ya mchoro wa kina." Hapo utaona kama anafungua kabati au anatafuta funguo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwenye mikutano, na mimi nililifanyia kazi miaka mingi kabla sijaliona. Halmashauri inayopanga ardhi ndiyo hiyo hiyo inayouza viwanja. Mwaka wa fedha 2018/19 Dodoma iliongoza halmashauri zote nchini kwa mapato ya ndani, na viwanja vilikuwa chanzo kikubwa. Kodi ya majengo, ambayo kwingine duniani ndiyo mgongo wa mji, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na inakwenda kwanza serikali kuu. Mji unaokua kwa kasi na hauna kodi ya majengo mkononi utakula nini? Utakula ardhi. Sisemi kuna mwizi. Nasema mpangaji wa mji ana njaa, na mwenye njaa akichora ramani, shamba lisilo na kitu linamvutia kuliko mtaa wenye vyumba vya watu. Wewe umeshajenga, wengi hawajajenga, na kwa hilo bahati iko upande wako.

Njaa hiyo inakutana na watu wanaoongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ile ya 2022 ilikuta 765,179. Chuo kilianzishwa 2007, kilomita kama 8 mashariki ya katikati ya mji, kwa matarajio ya kufikia wanafunzi 40,000, kimetawanywa kilimani, kila ndaki na mabweni yake, kama vijiji. Kisha mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu, na kwa muda baadhi ya wizara zikahifadhiwa kwenye majengo ya chuo hicho hicho kabla ya mji wa serikali wa Mtumba kusimama. Mtumishi amehama na familia, anataka nyumba. Mwanafunzi amekosa bweni au amelichoka, anataka geto. Wote wawili wameangukia Iyumbu, Makulu na kwenu.

Hapa nina maoni yangu na sitayaficha: mipango yetu haina neno la geto. Kwenye mchoro utaona "makazi", "biashara", "makazi na biashara", "taasisi". Chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kitanda, jiko la gesi nje ya mlango, vinane kwa mstari na vyoo viwili mwisho, hicho hakipo. Mpangaji wa mji akiona robo ekari anaandika familia moja. Kwako wanalala watu wanane, kumi na wawili mitihani ikikaribia. Maji yanayotumika, shimo la choo linalojaa, pikipiki zinazoingia saa tano usiku, vyote vinahesabiwa kama kaya moja. Halafu tunashangaa mtaa unanuka.

Na huyo mwanafunzi hana wa kumsemea. Bodi ya Mikopo imepandisha fedha ya chakula na malazi hadi shilingi 10,000 kwa siku, na wewe unajua kuliko mimi kinachotokea kwenye kodi ya vyumba bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likitoka. Lakini kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, daftari la mtaa liliandikishwa upya kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na mtu alijiandikisha pale anapoishi. Ni wanafunzi wangapi wa kwako walikwenda? Mwenyekiti wako anajua majibu. Ndiyo maana anakuambia wewe usiwe na wasiwasi. Wale wanane hawaambii lolote. Ukiweza kuwafanya wapangaji wako waandike majina yao kwenye barua yenu, idadi ya watu wanaoguswa na mchoro itapanda kutoka kaya kumi hadi watu mia, na kamati inasoma idadi.

Sasa niseme usilopenda kusikia. Barabara ile inahitajika. Nimepita mitaa ya namna yenu mvua za Januari. Gari la majitaka haliingii, linasimama mbali na mpira wake haufiki. Gari la zimamoto hata halijaribu. Mabinti wanatoka maktaba saa nne usiku wanapita kichochoro kati ya kuta mbili, tochi ya simu mbele. Mkienda mezani mkasema "hatutaki barabara", mtashindwa na mtastahili kushindwa. Mkienda mkasema "tunaitaka, lakini ipite hapa, na iwe na upana huu", mnazungumza lugha ya kamati.

Kwa hiyo swali la maana kuliko yote, ambalo hukuniuliza: kazi inayofanyika kwenu ni ipi? Ziko tatu, na zinafanana machoni. Ya kwanza ni upangaji mpya, ambapo eneo linachukuliwa kama shamba tupu na viwanja vinakatwa kwa viwango kamili. Ya pili ni urasimishaji, ambapo mnapangwa mlivyo, na viwango hulegezwa ili nyumba chache zaidi zivunjwe. Ya tatu ni mgawano, mwenye shamba anatoa ardhi, inapimwa, anarudishiwa sehemu ya viwanja na Jiji linabaki na sehemu. Mita 15 ni barabara pana kwa mtaa uliokwisha kujengwa. Inaninusia upangaji mpya uliodondoshwa juu ya watu wanaostahili urasimishaji. Kama ndivyo, hoja yenu imeshapatikana: mtaa umejengwa, naomba tutambuliwe kama eneo la urasimishaji, na barabara ifuate mipaka iliyopo ili kila upande utoe nusu, asibebe mmoja.

Lakini urasimishaji una bei yake. Kwa desturi, ardhi inayokwenda barabarani kwenye urasimishaji wananchi wanaichangia wenyewe, hakuna fidia. Unapoteza mita tatu za ukuta, unapata hati. Kwenye mgawano nako uliza: asilimia zinazobaki kwangu zinahesabiwa kabla ya barabara kutolewa au baada? Nimeona watu wakisaini asilimia nzuri kabisa, wakaja kugundua imehesabiwa kwenye kilichobaki.

Fidia kamili inakuja pale ardhi inapotwaliwa kwa matumizi ya umma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi ambayo huhesabiwa kwa kodi ya soko ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kutembea. Uthamini wenyewe nao unachacha ukikaa miaka miwili bila kulipwa, wanatakiwa kurudia. Kwa mtu wa vyumba vya kupangisha, ugomvi huwa kwenye faida: mthamini anataka hesabu, na mama mwenye daftari la mkononi hana hesabu. Anza leo kuandikiana mikataba na wapangaji, hata ya ukurasa mmoja, na pokea kodi kwa simu au benki ili ibaki alama.

Huko mtaani mtasikia maneno ya X nyekundu na X ya kijani zinazopakwa kwenye nyumba. Hayo ni ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na wale walio kwenye zile mita 7.5 za nyongeza ndio waliopigwa kijani, wanaolipwa. Ndiyo maana ya ule usemi wa wahandisi: uliyefuatwa na barabara unalipwa, uliyeifuata barabara unabomoa mwenyewe. Nyinyi hamko kwenye barabara kuu, wala kwenye ile ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3. Msikubali kutishwa kwa rangi isiyo yenu. Ila usemi wenyewe unawahusu: tarehe ya kujenga ndiyo inayogawa watu.

Nikuhadithie kitu kimoja. Katika halmashauri moja, sitaitaja, tulibandika rasimu ya mchoro kwa gundi kwenye shina la mwarobaini, karatasi ndogo, mistari kama nywele. Sheria inataka rasimu ionekane na watu watoe pingamizi, nasi tuliona tumetii. Mwenye duka mmoja akasimama akatupigia kelele karibu saa nzima, juu ya serikali, juu ya rushwa, juu ya baba yake aliyepigania uhuru. Akashangiliwa. Kisha bibi mmoja akasogea kwenye karatasi, akaigusa kwa kidole, akauliza, "Mbuyu wangu uko wapi?" Tukatazamana. Mbuyu haukuwemo. Tulikuwa tumechora juu ya picha ya angani na mchoraji wetu ameufuta kwa sababu ulimsumbua kuvuta mstari. Bibi akaanzia kisimani, akahesabu hatua kwa kidole, akafika mahali: "Hapa. Chini yake amelala mume wangu." Barabara yetu ilikuwa imepita juu ya kaburi. Wiki ile ile tuliihamisha, na pamoja nayo nyumba tatu za majirani zake zikanusurika. Mwenye duka hakubadilishiwa hata nukta. Alikuwa na hoja pengine, lakini hakuigusa karatasi.

Kwa hiyo mtafute mtu mwenye simu nzuri apige picha kila kilichopo kwenye njia ya ile barabara: vyumba, mashimo ya vyoo, bomba la maji, nguzo, mti mkubwa, kaburi kama lipo. Chora mchoro wenu wa mkono, hata kwa penseli, uonyeshe njia mbadala. Andikeni barua moja, isainiwe na wote, iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa mtendaji wa kata, kwa diwani na kwa ofisi ya ardhi. Ombeni vitu vinne: namba ya mchoro au hatua ulipofikia, nakala yake, muhtasari wa mkutano wa mtaa ulioukubali, na maana ya "huduma za jamii" nyuma yenu. Hilo neno linaweza kuwa zahanati, shule, soko au uwanja wa wazi, na kila moja lina ukubwa wake na mwenye kulilipia wake. Isipokuwepo bajeti wala taasisi inayolitaka, lina nafasi ya kuhamishwa. Ipelekeni barua kwa mkono, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kuwajibu. Msiitaje kwa kiburi, itajeni tu mwishoni.

Muhtasari wa mkutano wa mtaa ndio ninaoutilia mashaka zaidi. Huwa na orodha ya mahudhurio. Isome jina kwa jina. Nimewahi kukuta orodha yenye saini za mtindo mmoja kuanzia namba 14 hadi 52.

Yakishindikana, mahakama ipo, lakini ujue njia yake. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza, kisha Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Ni safari ndefu na ya gharama. Ndiyo maana ninawasukuma mmalize mambo kwenye kamati, pale ambapo karatasi moja ya penseli inaweza kufanya kazi ya wakili.

Chumba cha tisa usikijenge. Chochote kitakachosimama baada ya vigingi kinaweza kukataliwa kwenye uthamini, na kikiwa hakina kibali cha ujenzi kitatumika kuwachafua wote, muonekane mnakimbizana na fidia. Matofali yapange nyuma ya kile chumba cha nane, upande usioguswa na mstari, uyafunike turubai kabla ya mvua. Na upige picha ikionyesha hayajajengwa, yenye tarehe.